Theluji Sebuleni: Furaha na Huzuni za Michezo ya Majira ya Baridi Katika Nyumba Zetu

Ijumaa ya tarehe 6 Februari 2026, In shaa Allah, Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi itafunguliwa nchini Italia katika uwanja wa San Siro mjini Milano, na itaendelea hadi Jumapili ya tarehe 22. Mashindano ya barafu yatakuwa zaidi Milano, na yale ya theluji yatakuwa milimani, Cortina d'Ampezzo na kwingineko. Kwetu sisi ambao theluji tunayoijua ni ile nyeupe inayoonekana kwa mbali juu ya Kilimanjaro, na wengi wetu wa pwani hata hiyo tumeiona katika picha tu, habari hii ingeweza kupita bila kumgusa mtu. Lakini haipiti. Ving'amuzi vimeingia majumbani, simu za mkononi zimefika hata kwa wanafunzi wa madrasa, na kila baada ya miaka minne watu wazima hujikuta wameketi kwenye mkeka, feni inazunguka, jasho linawatoka, nao wanatazama binadamu wakiteleza katika baridi kali kwa hofu kama kwamba ni ndugu zao.

Jambo hili limeletwa mbele ya kamati ya msikiti wetu na wazazi wawili, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza, mama wa watoto wanne, aliuliza iwapo inafaa kuwaacha watoto watazame. Wa pili, mzee wetu mmoja wa safu ya mbele, hakuuliza bali alistaajabu: hawa wanaoteleza huko Ulaya ni nani kwetu, hata mke wake alimwaga machozi kwa ajili ya msichana asiyejua hata kulitamka jina lake? Swali la halali na haramu tumelipeleka kwa sheikh wetu, naye ndiye mwenye haki ya kulijibu. Mstaajabu wa mzee, hata hivyo, umetukaa. Kwa nini moyo hupanda na kushuka kwa ajili ya watu wasiotuhusu, na watoto wanaotutazama sisi tukitazama hujifunza nini?

Tuseme mapema kwamba kutazama mchezo na kuufurahia si jambo lililozuka na luninga. Wanaosoma Bukhari na Muslim wanaijua habari ya Wahabeshi, watu wa bara letu hili, waliocheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume (SAW) siku ya Idi. Mama wa Waumini Aisha (RA) alitaka kuwaona, na Mtume akamsimamisha nyuma yake, shavu lake likigusa shavu lake, wala hakumharakisha hadi yeye mwenyewe alipotosheka. Tunaipenda habari hii kwa sababu nyingi, mojawapo ni hiyo subira ya mume aliyesimama kwa ajili ya furaha ya mkewe. Basi anayedhani kwamba dini inamtaka awe kama jiwe mbele ya jambo zuri, ajiulize ameitoa wapi dini hiyo.

Michezo ya theluji ina namna yake ya kuushika moyo, tofauti na mpira. Mpira una dakika tisini. Ukifungwa bao mapema, una muda wa kutumaini, wa kulaumu refa, na hata wa kwenda kuswali ukarudi. Mtelemko wa mlimani kwa skii huchukua dakika mbili au pungufu, kwa mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa, na kila mshindani hushuka peke yake akishindana na saa. Kosa dogo la goti linamtoa nje ya njia. Na tofauti baina ya dhahabu na kurudi nyumbani mikono mitupu hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Huko Sochi mwaka 2014, katika mtelemko wa wanawake, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walifika kwa muda uleule mmoja, dakika 1 na sekunde 41.57, na wote wawili wakapewa dhahabu. Walipanda jukwaani wameshikana mikono. Aliyeona tukio lile atakubali kwamba lilipendeza kuliko ushindi wa mmoja.

Lakini hapo hapo ndipo ulipo mtihani wa mtazamaji. Katika michezo hii, aliyetangulia kushuka na kupata muda mzuri husimama chini ya mlima akisubiri. Kamera humwonyesha yeye, kisha humwonyesha anayeshuka, kisha humrudia yeye. Wenzake bado wako juu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaweza kumnyang'anya nafasi yake. Ikiwa umempenda yule aliyesimama chini, na moyo huchagua upesi sana, labda kwa sababu ya tabasamu, au nchi yake ndogo, au jina lake linalofanana na la Kiislamu, basi utajikuta unatamani yule anayeshuka akosee. Hutasema kwa kinywa. Utavuta pumzi, utakaza mkono, na akipoteza mwelekeo utahisi kitu kinachofanana na furaha. Binti wa watu ameanguka kwenye barafu ngumu kama saruji, huenda amevunjika mguu, nawe umefurahi.

Wanazuoni wetu wameeleza husuda kuwa ni kutamani neema imwondokee mwenzako. Sisi hatuwezi kumhukumu mtu kwa wazo lililopita moyoni mwake kama upepo, na Mola wetu ni mwingi wa kusamehe yasiyotamkwa wala kutendwa. Ila tunajua pia kwamba wazo likizoeshwa huwa tabia. Mtoto aliyeketi kando yako halioni wazo. Anaona mkono wako ukipiga paja kwa shangwe mtu anapoanguka, naye huchukua.

Historia ya michezo hii ina kisa kinacholeta swali hili wazi. Mwaka 2002 mjini Salt Lake City, Marekani, katika mbio fupi za barafu za mita 1,000, Muaustralia Steven Bradbury alikuwa wa mwisho kati ya watano waliofika fainali, nyuma kabisa, hana tumaini la kuwafikia wenzake. Katika kona ya mwisho wote wanne waliokuwa mbele yake waligongana na kuanguka. Yeye akapita wima, akavuka mstari, akawa mtu wa kwanza wa Australia kupata dhahabu ya majira ya baridi. Dunia ilicheka, na hadi leo wapo wanaomcheka. Wasichokumbuka ni kwamba mwaka 1994 alikatwa paja na chuma cha kiatu cha mwenzake akavuja damu karibu ya kufa, akashonwa nyuzi 111, na mwaka 2000 akavunjika shingo mazoezini. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuichukua medali ile kwa ajili ya dakika moja na nusu ya mbio, kwani anajua hakuwa mwenye kasi kuliko wote, bali kwa ajili ya miaka kumi ya jitihada iliyotangulia. Sisi tunaona hiyo ni kauli ya mtu mzima. Riziki ilimjia kwa mlango asioutegemea. Hakujifanya ameuvunja mlango kwa nguvu zake, wala hakuona haya kuingia.

Na wale walioshindwa bila kutarajia? Hapa tunamrudia tena Bukhari. Anas bin Malik (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) alikuwa na ngamia jike aitwaye al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akamshinda. Waislamu wakaona uzito mkubwa. Tafadhali msomaji lizingatie hilo: Masahaba, watu walioacha mali na nchi kwa ajili ya Allah, waliumia moyoni kwa sababu ngamia wao waliyempenda ameshindwa mbio. Mtume aliyatambua hayo katika nyuso zao. Hakuwakemea kwa kuwaambia kwamba ngamia si kitu. Aliwaeleza tu kwamba ni haki ya Allah kwamba hakuna kitu kinachonyanyuka hapa duniani ila Yeye hukishusha.

Tumeizingatia sana hadithi hii katika siku hizi, kwa sababu inaikubali huzuni kisha inaionyesha mahali pake. Aya ya 23 ya Suratul Hadid inazungumza jambo lililo karibu na hilo, inapotufundisha kutohuzunika kupita kiasi kwa kilichotupita na kutojivuna kwa tulichopewa. Mfano wa kujivuna ambao vijana wetu huuelewa haraka ni wa Lindsey Jacobellis wa Marekani. Mwaka 2006, hukohuko Italia, katika michezo ya Torino, aliongoza mbio za ubao wa theluji akiwaacha wenzake mbali. Karibu na mwisho, akiruka, aliushika ubao wake kwa mbwembwe. Akaanguka. Tanja Frieden wa Uswisi akampita na kuchukua dhahabu. Ilimbidi Jacobellis asubiri miaka 16, hadi Beijing mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 36, ndipo akaipata dhahabu yake, tena mbili katika michezo ileile. Kijana mmoja wa darasa letu la Jumamosi alipokisikia kisa hiki alisema huyo dada amelipa deni kwa awamu.

Sasa tufike kwa mzee wetu na machozi ya mkewe, naye ametupa ruhusa ya kuyaandika haya bila kulitaja jina lake.

Ilikuwa Februari 2022, wakati wa michezo ya Beijing. Mwezi mmoja kabla yalikuwa yametoka matokeo ya Kidato cha Nne, na kijana wake wa pili alikuwa amepata sifuri. Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Alifanya lililo baya zaidi: aliacha kusema naye. Salamu ya mtoto aliijibu kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuijibu ni wajibu, na hakuongeza neno. Kijana akawa anakula baada ya wenzake, akishinda ameketi ukingoni mwa baraza ya nyuma, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama. Wiki zikapita hivyo.

Jioni moja familia ilikuwa mbele ya luninga, na taarifa ya michezo ikamwonyesha Mikaela Shiffrin, Mmarekani aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa skii duniani. Baba yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Alikuja Beijing akitarajiwa kurudi na medali nyingi, na katika mashindano mawili ya mwanzo alitoka nje ya njia baada ya malango machache tu. Mara ya pili hakuondoka. Alivua skii zake, akaketi kwenye theluji pembeni ya njia, magoti yamekunjwa, kichwa ameinamisha, akabaki hapo dakika nyingi huku wenzake wakipita.

Mke wa mzee akaanza kulia. Mzee akamwuliza, "Mama watoto, huyu Mzungu ni nani kwako?"

Akamjibu, "Namlilia kwa sababu amekaa kama alivyokaa mwanao."

Mzee anasema alibaki kimya mpaka taarifa ilipoisha. Kisha akainuka, akaenda baraza ya nyuma, na neno alilolipata kinywani lilikuwa moja: "Njoo ule." Kijana akaja. Hakuna aliyeomba radhi usiku ule, na kwa jinsi tunavyomjua mzee wetu, hatudhani kwamba radhi iliwahi kuombwa kwa maneno. Kijana alirudia mitihani miwili, akaenda kujifunza ufundi umeme, na waya za vipaza sauti vya msikiti wetu ni kazi yake.

Kwa hiyo mzee alipotuuliza kwa mshangao, alikuwa na jibu lake tangu zamani. Huenda alitaka tu tulisikie. Nasi tumelisikia, na tunalileta kwenu katika majira haya ambayo matokeo ya mitihani yanazungumzwa katika kila nyumba. Ajabu yetu wazazi ni kwamba tuna subira kubwa kwa waliomo ndani ya kioo. Tunamhurumia Dan Jansen, Mmarekani wa mbio za barafu, ambaye mwaka 1988 huko Calgary alipata habari ya kifo cha dada yake Jane, aliyekuwa na saratani ya damu, siku ileile ya mashindano. Akaingia uwanjani, akaanguka. Siku nne baadaye akashindana tena, akaanguka tena. Mwaka 1992 hakupata medali. Mwaka 1994 huko Lillehammer, Norway, akateleza katika mbio zake za kwanza, ikabaki moja tu, ya mwisho katika maisha yake ya Olimpiki; akaishinda kwa rekodi ya dunia, kisha akauzunguka uwanja amembeba binti yake mchanga, ambaye naye aliitwa Jane. Hakuna asiyelainika kwa kisa hicho. Lakini Jansen alikosa mbele ya dunia nzima kwa miaka sita. Kijana wa kwetu akikosa mara moja, tena mbele ya mtaa mmoja, tunaona amelivunja jina la ukoo.

Machozi yenyewe si aibu. Mtume (SAW) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Moyo katika Kiarabu umeitwa *qalb*, neno la asili moja na kugeuka. Umeumbwa ugeuke. Tunachouliza ni kama ukigeuka mbele ya luninga, unabaki umegeukia kioo, au unazunguka hadi umfikie aliye baraza ya nyuma.

Kwa watoto wanaotaka kujua kama watu wa kwetu wamewahi kufika huko, jibu ni ndiyo. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mbio za kati, alipelekwa Finland kujifunza skii akiwa mtu mzima, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Waandaaji walitaka kutoa medali. Dæhlie akakataa kuondoka kwenye mstari wa kumalizia hadi Mkenya yule afike, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Na mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hii. Huyo alizaliwa Kilifi, mahali pa minazi na joto kama letu, akapelekwa Austria na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Wasichana wetu waambiwe pia habari ya Zahra Lari wa Falme za Kiarabu, aliyecheza mchezo wa madaha kwenye barafu akiwa amevaa hijabu. Mwaka 2012, katika mashindano nchini Italia, alipunguziwa alama kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Hakukivua. Baadaye wenye mchezo waliibadili kanuni.

Kuhusu stara, wazazi wachague. Wanaoshuka mlimani wamefunikwa kofia, miwani na glovu, baridi imewavika kuliko walivyokusudia, ingawa mavazi yao yanabana. Mchezo wa madaha kwenye barafu, kwa mavazi yake na muziki wake, hatuoni kama ni wa kukaa familia nzima ukatazamwa. Na kuna matangazo ya kubashiri matokeo, ambayo huja katikati ya mchezo wakati ule ule moyo umepanda. Hilo halina mjadala: kamari imekatazwa ndani ya Qur'ani, na aliyeweka shilingi elfu mbili juu ya mguu wa mtu hawezi tena kumhurumia akianguka. Simu za vijana ziangaliwe.

Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mashindano ya milimani, yanayofanyika mchana wa huko, mengi yatatufikia baina ya Adhuhuri na Alasiri, na adhana ya Alasiri inaweza kulia wakati mtu amesimama pale juu anasubiri kuruhusiwa kushuka. Ashuke, matokeo yatasomwa baadaye. Ya ukumbini, yanayofanyika jioni ya huko, yatatufikia baada ya Isha na kuendelea hadi karibu saa sita usiku, nasi tunawajua wanaokesha kisha Alfajiri wakaswali jua limetoka. Kamati imeafikiana kwamba darsa ya wazazi baina ya Maghribi na Isha haitasogezwa kwa sababu yoyote.

Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama usiku wa tarehe 17 au 18 Februari, yaani siku nne au tano kabla ya michezo kumalizika. Sherehe ya kufunga itakuwa katika uwanja wa kale wa Verona usiku wa tarehe 22. Saa hizo, In shaa Allah, sisi tutakuwa tumetoka katika tarawehe ya tano au ya sita, na wanaume waliojiandikisha kupanga mikeka ya akina mama wanakumbushwa kufika kabla ya adhana ya Isha.